Makongamano ya Upasuaji na Lugha ya Mgonjwa

Ni dhahiri shahiri kuwa wanafunzi wa udaktari wanaojitolea kuandaa makongamano ya upasuaji wanastahili pongezi. Wakishamaliza zamu za wodini, ndio huandika barua za mwaliko, huchuja ikisiri na kuwafunza wenzao kushona jeraha kwa kutumia miguu ya nguruwe. Kazi hiyo ina uzito: mwaka 2015, tume ya jarida la tiba la Lancet ilikadiria kuwa watu bilioni 5 ulimwenguni hawakuwa na njia ya kupata upasuaji salama kwa gharama wanayoimudu.

Hata hivyo, nchini Kenya makongamano hayo huendeshwa kwa Kiingereza, ilhali idhini ya kupasuliwa mara nyingi huombwa kwa Kiswahili. Orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008 huanza na mgonjwa mwenyewe: kabla ya kutiwa dawa ya usingizi, athibitishe yeye ni nani, anapasuliwa wapi, anafanyiwa nini, na kwamba ameridhia. Atathibitishaje asichoelezwa? Aliyeambiwa "ganzi" huenda akatarajia kuwa macho. Kumbe ameandaliwa nusukaputi! Maneno yapo, tangu ngiri hadi kidole tumbo. Kinachokosekana ni mazoezi ya kuyatamka mbele ya mtu mwenye hofu.

Waandaaji watenge walau saa moja, wanafunzi wa Kiswahili waigize wagonjwa, na madaktari watarajiwa waeleze upasuaji bila kukimbilia Kiingereza. Vyama vya Kiswahili navyo visingoje mwaliko. Vipeleke pendekezo kabla ratiba haijachapishwa.