Mgeni wa Mweya Asiishie Barazani

Wilaya ya Kasese, Uganda, haina bahari, lakini ina rasi ya Mweya. Hapo mgeni wa Mweya Safari Lodge hula kifungua kinywa akitazama viboko na nyati kwenye Mfereji wa Kazinga, unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward. Hifadhi ya taifa ilimo rasi hiyo ilianzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, ikapewa jina la Malkia Elizabeth baada ya ziara yake ya 1954.

Wengi hudhani milima jirani ya Rwenzori ndiyo volkano. Sivyo: ni mwamba ulioinuliwa na nguvu za ardhi hadi mita 5,109. Moto ulilipuka chini, bondeni, ukaacha mashimo makubwa kati ya Katwe na Kikorongo, mengine yakawa maziwa.

Ziwa Katwe ni mojawapo. Halina mto wa kutokea, hivyo jua hukausha maji na chumvi hubaki. Wanaume huvunja mabamba ya chumvi ziwani, wanawake hukusanya kwenye vidimbwi, ngozi zao zikichubuliwa na maji yaleyale yaliyokula mabomba ya kiwanda kilichojengwa hapo na kikafa. Chumvi hiyo hupitia Bwera na mpaka wa Mpondwe hadi Kongo.

Inauma kuona wageni wakilipa fedha nyingi kwa chumba kisha wakaondoka bila kufika Katwe, mwendo mfupi tu kwa gari. Waongozaji wa kijiji wapo. Hoteli za hifadhini ziweke ziara hiyo kwenye ratiba ya kila mgeni, na ada ilipwe palepale kijijini.