Mvuke wa petroli: Hasara na hatari isiyoandikwa kwenye hati

MWENYE kituo cha mafuta anapopokea lori hukagua mambo mawili: lakiri za lori na kipimo cha tangi. Akikuta lakiri hazijaguswa na kijiti kinaonyesha lita alizolipia, anasaini hati na lori linaondoka. Hata hivyo, katika dakika hizo hizo kuna mali nyingine inayotoka kituoni ambayo haimo katika hati yoyote. Nayo ni mvuke wa petroli.

Tangi la chini ya ardhi haliwi tupu hata mafuta yakiisha. Nafasi iliyobaki hujaa mvuke uliochanganyika na hewa. Kila lita ya petroli inayoingia husukuma nje takriban lita moja ya mchanganyiko huo. Kwa hiyo, kituo kinachoshusha lita 10,000 hutoa karibu lita 10,000 za hewa yenye mvuke kupitia bomba la kupumulia.

Hasara hiyo imekwishapimwa. Kwa makadirio yanayotumiwa na Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani (EPA), petroli inayomwagwa kutoka juu ya tangi hupoteza gramu 1.38 za mvuke kwa kila lita inayoshushwa. Ikishushwa kwa bomba linalofika karibu na sakafu ya tangi, hasara hupungua hadi gramu 0.88. Mvuke ukirudishwa ndani ya lori kwa mpira wa pili, kinachopotelea hewani ni gramu 0.04 tu.

Kwa lita 10,000, hizo ni kilo 13.8 kwa njia ya kwanza, kilo 8.8 kwa njia ya pili na kilo 0.4 kwa njia ya tatu. Kwa kuwa lita moja ya petroli ina uzito wa takriban robo tatu ya kilo, anayemwaga kutoka juu hupoteza lita 18 hivi kila mzigo. Na joto linapopanda, petroli hutoa mvuke zaidi.

Nchini Tanzania, hasara hii haiwezi kufidiwa kwa kupandisha bei kiholela. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, na anayeuza juu yake anavunja sheria. Lita iliyopotea hewani hukatwa moja kwa moja kwenye faida ya mwenye kituo.

Fedha, hata hivyo, ni nusu tu ya hoja. Petroli yenyewe haiwaki ikiwa kimiminika; kinachowaka ni mvuke wake. Huwaka unapofikia kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, yaani kiasi kidogo sana. Tena ni mzito kuliko hewa mara tatu au zaidi, hivyo haupai bali hutambaa chini, huingia mitaroni na kufika kwenye jiko la mama lishe aliye mbali na tangi. Watanzania hawajasahau Agosti 10, 2019, lori lilipopinduka Msamvu, Morogoro, na mlipuko kuua zaidi ya watu 100. Pale mafuta yalimwagika barabarani, lakini yanapomiminwa kituoni mvuke ni ule ule.

Kumwaga kutoka juu kuna ubaya mwingine. Petroli inayoanguka na kuchafuka huzalisha umeme tuli, na cheche yake moja inatosha kuwasha mvuke. Aidha, mvuke huo una benzini, kemikali inayosababisha saratani. Wa kwanza kuivuta ni dereva na mhudumu wa pampu.

Kama faida ziko wazi hivyo, kwa nini mpira wa pili haufungwi kila mahali? Jibu liko katika swali la nani analipa na nani anafaidika. Mvuke unaorudishwa ndani ya lori husafiri hadi kwenye bohari lilikopakiwa. Bohari lenye mtambo wa kunasa mvuke, kwa baridi au kwa mkaa maalumu, huugeuza kuwa petroli tena na kuuza. Mwenye kituo aliyenunua mpira, viungio na vali anabaki na usalama, lakini zile lita si zake tena. Na bohari lisipokuwa na mtambo huo, mvuke huishia kutolewa hewani lori linapopakiwa upya.

Ndiyo maana nchi zilizofanikiwa hazikusubiri hiari ya wafanyabiashara. California ilianza kulazimisha urudishaji wa mvuke miaka ya 1970. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo lake mwaka 1994, likibana mabohari, malori na vituo kwa pamoja. Agizo hilo lilitekelezwa kwa hatua, likaanza na vituo vikubwa, na vinavyouza chini ya lita 100,000 kwa mwaka vikaachwa nje. Mzigo haukutupwa kwa mdogo peke yake.

Funzo kwa wafanyabiashara wadogo ni kuanza na kile ambacho faida yake inabaki kwao. Bomba la kujazia linalofika karibu na sakafu ya tangi ni kifaa rahisi kisicho na mtambo wowote. Tofauti yake na kumwaga kutoka juu ni kilo tano kwa kila lita 10,000, yaani lita sita hadi saba. Kituo kinachopokea mzigo wa namna hiyo kila wiki huokoa zaidi ya lita 300 kwa mwaka.

Kurudisha mvuke kunahitaji mnyororo mzima. Waya wa ardhini hufungwa kwanza, kisha mpira wa mvuke, ndipo mafuta yafunguliwe. Bomba la kupumulia lazima liwe na vali, la sivyo mvuke hupita huko badala ya kurudi kwenye lori. Gharama hiyo inafaa ijadiliwe pamoja na wenye mabohari wanaovuna lita hizo.

Suala hili linagusa vijiji pia, kwa kuwa Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umekuwa ukitoa mikopo ya kujenga vituo vidogo huko. Ni nafuu kuweka bomba refu na nafasi ya kiungio cha mvuke wakati tangi linafukiwa kuliko kulifukua baadaye.

Mkulima anayenunua petroli ya pampu ya umwagiliaji naye ana sehemu yake. Dumu lijazwe likiwa chini ardhini, si juu ya pikipiki, mdomo wa pampu uingie ndani, na moto uwe mbali. Kumimina taratibu si kupoteza muda. Ni kulinda mali na maisha.