WANATUKARIRISHA SPEKE, WANATUFICHA RUMANYIKA

Kijana msomaji, uliyeko Kariakoo, Manzese au Mwanjelwa, jijaribu hapo hapo ulipo. Taja wapelelezi wa Kizungu waliokuja Afrika Mashariki. Utawamwaga kama kasuku: Burton, Speke, Grant, Stanley, Livingstone. Haya, sasa taja Mwafrika mmoja aliyewapokea. Kimya!

Si kosa lako. Ndivyo ulivyofundishwa, na waliokufundisha hivyo ndivyo walivyoelekezwa.

Twende Karagwe, mkoani Kagera. Novemba 1861 Speke na Grant walifika Bweranyange, makao ya Omukama Rumanyika. Speke mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1863, ameandika kwamba Omukama huyo alimsalimu kwa Kiswahili kizuri. Soma tena: Kiswahili kizuri, Bweranyange, mwaka 1861! Ajabu gani? Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, jirani tu. Januari 1862 Speke akashika njia kwenda Buganda. Grant, mguu umemharibikia, hata kutembea hawezi, akabaki mikononi mwa Rumanyika mpaka Aprili.

Sasa tazama vituko. Mtu alipokewa kwa Kiswahili, lakini kwa miaka na miaka mtoto wa Bweranyange amesimuliwa habari hiyo kwa Kiingereza, tena Rumanyika hayumo. Anakariri kwamba Speke alikuja kutafuta chanzo cha mto Nile, anapata alama zake, anakwenda nyumbani. Kumbe njiani amekanyaga ardhi ile ile aliyoisomea, na hajui!

Tuliomaliza kidato cha nne tunalijua darasa hilo. Mwalimu anaingia, anajaza ubao, anatoka. Sababu tano, matokeo sita, kengele. Neno “nyarubanja” tulilinakili sote: ukabaila wa Buhaya na Karagwe, basi. Nani alipewa ardhi? Nani aligeuzwa mpangaji katika mgomba wa babu yake? Sheria za miaka ya 1960 zilipoufuta utaratibu huo, nani alipona na nani alilia? Hayo mwanafunzi wa Nkwenda au Kayanga angeweza kumwuliza bibi yake jioni moja tu. Hakuna aliyemtuma.

Unadhani ni mchezo? Sikiliza. Huko huko Karagwe Speke alimwambia Rumanyika kwamba ukoo wake asili yake ni Uhabeshi, eti wa Mfalme Daudi. Katika kitabu chake akajenga hoja kwamba watawala wa nchi za maziwa ni watu wa mbari nyingine, waliotoka mbali kuja kuwatawala wenyeji. Ushahidi? Sura na pua! Wakoloni wa Kijerumani na wa Kibelgiji wakaudaka uzushi huo, wakautia katika utawala wa Rwanda, Wabelgiji wakauandika hata kwenye vitambulisho. Mwaka 1994 wauaji wakawaambia Watutsi kwamba ni wageni, warudishwe Uhabeshi. Maiti zilielea katika mto Kagera, mpakani mwa Karagwe hii hii, na wakimbizi wakaingia kwa maelfu. Uzushi uliosemwa Bweranyange ulirudi baada ya miaka 133, na panga mkononi.

Hilo ndilo somo la historia. Nani alisinzia ulipokuwa ukisoma aya hiyo?

Basi wasituambie kwamba vijana hawapendi historia. Vijana hawapendi kunakili. Vipindi viwili vya dakika 40 vinatosha, mradi andalio la somo lianze na swali na si orodha. Kwanza swali ubaoni: “Kati ya Speke na Rumanyika, nani alimhitaji mwenzake?” Kisha ukurasa mmoja wa Speke, uliofasiriwa, ule anaosimulia jinsi alivyompima kwa utepe shemeji wa Omukama kwa sababu ya unene wake. Darasa lijadili: mgeni anayepima wake za watu, tumwamini kwa lipi na tusimwamini kwa lipi? Halafu wagawane pande mbili, wabishane kwa ushahidi. Mwisho kila mmoja apewe kazi ya nyumbani kwa mzee wake. Wa Karagwe aulize nyarubanja. Wa Kyerwa, wilaya iliyozaliwa kutoka Karagwe mwaka 2012, aulize machimbo ya bati, au vita ya 1978 ilivyosikika Murongo, mpakani mwa Uganda.

Gharama yake? Chaki na karatasi.

Wakubwa watasema mtihani hauulizi hayo. Uongo! Mtihani unauliza wapelelezi na unauliza nyarubanja. Aliyebishana darasani atajibu kwa mfano wake mwenyewe, aliyekariri atasahau la nne na la tano. Watasema mnaleta ukabila na uchifu uliofutwa mwaka 1963. Hapana, bwana mkubwa. Ukabila huota palipofichwa habari, na Rwanda ni shahidi.

Sasa wametuletea somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, kwa Kiswahili. Kwa hilo la lugha, hongera. Lakini kama mwalimu ataachiwa darasa lililofurika, asipewe hata nauli ya kuwapeleka wanafunzi Bweranyange, somo hilo litakuwa danganya toto: jalada jipya, kunakili kule kule. Na maadili hayafundishwi kwa kukaririsha. Kijana asiyezoea kuuliza “umejuaje?” ndiye kesho atakayepewa panga na kuambiwa jirani yake ni mgeni.

Kijana wa Karagwe na Kyerwa uliyeko mjini, usingoje wizara. Likizo ukienda kwenu, keti na babu, rekodi kwa simu yako, peleka shuleni kwa mdogo wako. Wazazi wakiitwa mkutanoni, simama umwulize diwani: wanafunzi wa kata hii wamefika Bweranyange mara ngapi? Akibabaika, uliza tena mbele ya watu wote.

Mkataa kwao mtumwa. Lakini aliyefichwa kwao, tumwite nani? Na aliyemficha?