Eksposha haishoni tanga

Wasee, kuna tabia tunaibeba kutoka Nairobi mpaka Lamu na lazima tuiongelee kabla Disemba ifike. Mtu anapanda mashua, nahodha anamwambia mshipi utaburutwa nyuma njia nzima, na Mungu akipenda watapata nguru. Saa nane wanarudi Shela mikono mitupu. Jioni msee ako kwa simu anaposti: "Tumepigwa. Kapteni mwongo, hakuna samaki, nataka pesa zangu."

Pesa gani, bro?

Kuvua ukiwa kwa tanga si kama kuagiza chipsi. Ni mshipi mnene umezungushwa kwa kipande cha mbao au chupa, ndoana na chambo kinachong'aa huko mwisho, na mashua inavuta hiyo kitu yote ikienda. Chambo kikitembea polepole kinaning'inia tu kama soksi imeanikwa. Nguru na jodari ni samaki wa mbio, hawashughuliki na soksi. Mwenye boti ya injini anaongeza mafuta na mambo yanaisha. Mwenye mashua anangoja upepo, na upepo hauna Till namba. Ndiyo maana unamwona mzee ametulia pale usukanini ukidhani analala. Anaangalia ndege wanapiga mbizi wapi, kwa sababu wakishambulia maji kuna samaki wadogo hapo, na chini ya wadogo kuna wakubwa. Anaangalia maji yanabadilika rangi pale mwamba unapoishia. Upepo ukija kutoka mbele inabidi abishe, aende kushoto, arudi kulia, na kila zamu mabaharia wanahamisha lile tanga lote. Wewe uko hapo unauliza kama spika ina Bluetooth.

Samaki akiuma ndiyo kazi inaanza. Mashua haina breki. Kuna kukimbilia kamba, kuna kugeuza chombo kwa upepo ama kushusha tanga, na wakati huo huo kuna kijana mmoja anavuta mshipi kwa mkono. Nailoni yenye jodari upande ule mwingine inakata kiganja kama wembe. Halafu mita tano kabla ya mashua, ndoana inachomoka. Ameenda. Watu wamefanya kazi yote na hakuna kitu cha kupiga picha. Huo si utapeli, manze. Hivyo ndivyo bahari iko.

Kwa hivyo ulilipia siku: chombo, watu watatu, jua lao lote na akili ya mzee. Ukitaka nguru wa uhakika, City Market pale Muindi Mbingu wanauza kwa kilo na hutapiki njiani.

Na kabla useme ulilipa doh mingi, uliza ni ngapi ilifika kwa nahodha na ni ngapi ilibaki kwa broka aliyekushika pale jeti.

Sasa sisi watu wa kontenti. Sisi ndio wabaya zaidi, na mkasirike kama mnataka. Ile meseji naijua: "Hi kapteni, niko na wafuasi elfu arobaini, tunaweza kushirikiana?" Kushirikiana ni wewe na marafiki sita mnapanda bure, mnapikiwa wali wa nazi, mnarusha droni, na mzee wa watu anaambiwa atolewe kwa fremu kwa sababu shati lake limeraruka. Mashua moja hubeba kundi moja. Siku mliyopanda bure hakuna mwingine aliyelipa. Na hizo siku zinahesabika. Kaskazi ikivuma, kuanzia Disemba hivi mpaka Machi, bahari ni laini na wageni ni wengi. Kusi likishika, Juni, Julai, nje ya mwamba kunachafuka, wageni wanapungua, na huo ndio wakati chombo kinavutwa juu kitengenezwe. Tanga linashonwa upya. Nyufa za mbao zinajazwa pamba. Fundi anataka pesa taslimu, hataki kutagiwa. Pesa ya Juni inatafutwa Disemba, na Disemba ndiyo wewe umekuja na rili yako. Hii hesabu ni ya darasa la nne, hata mimi niliyeachana na kampasi mwaka wa pili naiona.

Utaniambia kuna nahodha alipata wateja kupitia posti ya mtu. Pengine. Kuna vijana wa mashua wanajua mtandao kutuliko, na wakitaka tangazo watakutafuta wenyewe na bei yao. Sawa kabisa. Lakini ile ya kumwendea mtu kazini kwake umwambie akupe kazi yake bure ndiyo baadaye umfaidi, hiyo kinyozi wako hawezi kuikubali. Lipa kwanza. Ukipenda, posti.

Kuna hii nyingine ya Watamu na Malindi. Hapo kuna mbuga za bahari tangu 1968, chini ya KWS, na ndani ya mbuga kuvua ni marufuku. Hata mshipi mmoja. Nahodha akisema "mwanangu, hapa tunakunja," usianze kumwambia hakuna mtu anaona. Wewe Jumapili uko kwa SGR unarudi Nai. Atakayeshikwa ni yeye.

Mkipata samaki, shangilieni, pigeni picha, mchome mle. Lakini usifunge mzigo wote kwa barafu upeleke South B kama nyara. Hao mabaharia wako na nyumba, na huko nyumbani mtu anangoja kitoweo. Kubalianeni hiyo kabla tanga lipande, na bei pia, na kama chambo kikipotea nani ananunua kingine. Na uanze na shikamoo, si "niaje kapteni". Huyo ni mzee wa rika la babu yako.

Komenti ziko wazi. Wale wa "mteja ni mfalme" njooni pole pole.