Waya wa Ethi Usikatwe kwa Ajili ya Sabufa

Geto bila sabufa si geto, hilo wanachuo tunakubaliana. Ila ukiiunga tu na laptopu inayochajiwa, mvumo unaanza: mmmmm, hata muziki ukiwa umesimama. Ukiuliza mtaani utaambiwa ufungue plagi, ukate ule waya wa kijani na njano. Ushauri huo ni wa hatari, na kinachoniuma ni kuusikia kwa watu waliofaulu fizikia.

Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230 na hezi 50. Kama chaja na sabufa zote ni za pini tatu na ziko kwenye soketi tofauti, kila moja ina njia yake ya ethi. Waya wa sauti ukiziunganisha, mzunguko umefungwa. Mkondo mdogo unapita humo na spika inautoa kama mvumo. Ukikata ethi, kweli unaweza kupata kimya. Lakini siku waya wa moto ukigusa bodi ya chuma, umeme hauna njia salama ya kwenda ardhini, fyuzi haikatiki, na njia inakuwa wewe, uliyekwenda kuongeza sauti ukiwa peku.

Kupima hakuhitaji fundi. Chomoa chaja, laptopu itumie betri. Mvumo ukikata, unapitia kwenye chaja: chomeka vyote kwenye ekstensheni moja yenye ethi, au tafuta kitransfoma kidogo cha kutenganisha sauti. Usipokata, chomoa waya wa sauti kwenye sabufa. Ikinyamaza hapo, waya ni mbovu au umelala ubavuni mwa waya wa umeme. Ikiendelea kuvuma, shida iko ndani, mara nyingi kapasita zimechoka. Hapo sasa panda daladala uende Kariakoo. (Na nyie mnaochokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili pini mbili ziingie, tunawaona.)

Mafundi wa Kariakoo siwabebeshi lawama zote. Mteja anasimama juani, anataka kimya sasa hivi, na kununua kapasita hataki. Mwambie fundi ulichopima, atajua pa kuanzia.

Lawama zaidi nazielekeza kwetu wa ualimu. Tunaandaa zana za kufundishia kwa manila na kalamu za rangi, halafu ethi tunaichora ubaoni kama vistari vitatu na kupita. Plagi moja iliyofunguliwa, bila kuchomekwa popote, ingetosha kipindi kizima. Mazoezi ya kufundisha yakifika, yangu nimeshaiweka kwenye begi.