Seli Juu ya Chipu: Wawekezaji Waulize Kwanza Habari za Maji

Wanaotafuta pa kuweka mitaji katika teknolojia ya tiba huahidiwa kifaa kidogo kitakachoshika seli hai moja, kuipima na kuonyesha dawa inaifanya nini. Ahadi hiyo si ya uongo, ila mwekezaji mdogo hana budi kujua ugumu uko wapi.

Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linköping, Sweden, walionyesha mkono mdogo wa dhahabu na polima iitwayo polipiroli. Ukipitishiwa umeme kidogo, polima huvimba au kunywea na mkono hujikunja. Mkono huo ulihamisha punje ya kioo yenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita. Tena ulifanya kazi ndani ya maji ya chumvi, ambamo seli huishi. Baadaye Elisabeth Smela na Pamela Abshire wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, waliunganisha mambo mawili: visima vidogo vyenye vifuniko vya polima hiyo, na chipu yenye vihisio chini yake.

Hapo ndipo gharama inapojificha. Maji yanayohifadhi uhai wa seli huiharibu chipu. Lazima nyaya zake zizibwe kabisa huku vihisio vikibaki wazi. Viwanda hutoa chipu kwa wingi na kwa bei nafuu. Kuziba kila moja ndiko kunakokula faida.

Si ajabu basi kwamba kilichowahi sokoni ni kitu chepesi zaidi. Mwaka 2010 Taasisi ya Wyss ya Harvard ilitangaza pafu dogo lenye utando laini wa silikoni unaovutwa kama kifua kinachopumua. Seli zilitazamwa kwa darubini. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa kampuni ya Emulate. Desemba 2022 sheria ya Marekani iliondoa ulazima wa kupima dawa mpya kwa wanyama, na mlango wa vifaa hivi ukapanuka.

Kwa hiyo mahitaji yapo. Kabla ya kununua hisa, uliza: kifaa hudumu siku ngapi majini? Nani hukitengeneza kwa wingi? Ni wateja wangapi wamerudi kununua tena? Kampuni isiyo na majibu bado iko maabara, na gharama za maabara si mzigo wa mwenye akiba ndogo.