Vioo vyao, giza letu

Wandugu wasikilizaji, tusidanganyike na kungʼaa. Katikati ya muji wetu wa Lubumbashi majengo ya vioo yanazidi kuota, na kila jipya linaitwa maendeleo. Mimi naliita deni, na wanaolilipa ni watu wa Katuba, Kenya na Ruashi.

Kioo kinaacha jua liingie, kisha kinazuia joto lisitoke. Mwezi wa 10 jua linapita wima juu ya vichwa vyetu. Asubuhi linapiga ukuta wa mashariki, jioni wa magharibi. Jengo la vioo lisilofunguka madirisha linageuka tanuru. Basi kila ofisi inawekewa klimatizeri, na umeme ukikatika wanawasha jenereta za mazutu.

Umeme huo ni wa SNEL, unaotoka Nseke, Nzilo na Mwadingusha, na migodi nayo inaugombania. Ukipungua, sisi tunalala gizani. Mama anapika na nini? Na makala. Makala inatoka wapi? Kwenye pori la miombo, ambalo linazidi kurudi mbali na muji. Ndugu zetu waliokimbia vita kule Mitwaba na Pweto, wanaonunua makala kwa kamfuko kadogo, ndio wanaoumia na bei mbele ya wote.

Kuna atakayesema matofali ya kuchoma nayo yanakula miti. Kweli. Lakini tofali linachomwa mara moja, klimatizeri inakula kila siku. Na kioo chenyewe kinayeyushwa kwa joto la digri 1,500 hivi, halafu kinaletwa na malori kutoka mbali. Tena kuna tofali la udongo lililoshindiliwa kwa mashine: hilo halitaki kuni.

Wakoloni waliojenga Élisabethville tangu 1910 hawakuwa rafiki zetu, lakini jua la huku walilielewa: kuta nene, baraza pana, dari ya juu, matundu ya hewa.

Hatukatai dirisha. Tunadai ofisi ya urbanisme, mbele ya kutoa ruhusa ya kujenga, iulize mambo matatu: ukuta wa vioo unaangalia wapi? Kivuli kiko wapi? Madirisha yanafunguka? Asiyekuwa na jibu asijenge. Jengo likingʼaa na kartie ikazimika, hayo si maendeleo.